Kumuenzi Marehemu si Kumkalia Kiti



Kuna neno moja la Kiswahili ambalo naliona likidhoofu siku hadi siku, nalo ni kuenzi. Afapo msanii, hata udongo wa kaburi lake haujakauka, utasikia tamasha la kumuenzi, wimbo wa kumuenzi, fulana za kumuenzi, na chakula cha jioni cha kumuenzi chenye tiketi za daraja tatu. Neno limekuwa kama kanga ya kuazima: kila mwenye shughuli hujitanda, na hakuna anayekumbuka mwenyewe ni nani. Leo nimekusudia kuligombea neno hili. Na kwa kuwa mifano ya karibu hututia haya na upendeleo, nitatumia mfano wa mbali, wa kundi la vijana wa Dublin, nchini Ayalandi.

Kundi hilo ni Boyzone. Liliundwa mwaka 1993, likiwa na waimbaji watano: Ronan Keating, Stephen Gately, Mikey Graham, Keith Duffy na Shane Lynch. Waliimba nyimbo laini za mapenzi, zikapendwa sana Uingereza na kwao. Mwaka 2000 wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 2007 wakarudiana. Walikuwa katika matayarisho ya albamu mpya pale Gately alipofariki dunia ghafla akiwa mapumzikoni katika kisiwa cha Mallorca, tarehe 10 Oktoba 2009. Alikuwa na miaka 33. Uchunguzi ulionyesha kuwa kifo chake kilikuwa cha kawaida. Albamu ikatoka Machi 2010 kwa jina la *Brother*, ikatolewa kwa heshima yake, ikapanda hadi nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya Uingereza. Ilikuwa albamu yao ya kwanza ya studio yenye nyimbo mpya tangu mwaka 1998.

Nilipoitaja albamu hiyo barazani, rafiki yangu mmoja alinikata kauli kwa maneno mawili tu: kufa kufaana. Wenzake wakacheka. Hoja yao ni nyepesi kuibeba: kundi lililokaa miaka kumi bila jipya limepata msiba, na msiba umeliuzia albamu. Mwingine, mwenye moyo mweupe zaidi, akasema tusiwe na roho mbaya. Mradi wamemtaja marehemu, wamemuenzi, basi yamekwisha.

Mimi nawapinga wote wawili. Wa kwanza anaihukumu kazi kwa fedha iliyoingiza, wa pili anaihukumu kwa jina lililoandikwa juu yake. Wote wawili hawajaisikiliza.

Turudi kwenye neno. Kuenzi ni wa ukoo mmoja na enzi, ile enzi ya kiti cha enzi, ile iliyomo ndani ya jina la Mwenyezi. Kumuenzi mtu, kwa asili yake, ni kumpa cheo chake na kukihifadhi. Ni kusema: hapa pana kiti, na kiti hiki kina mwenyewe. Sasa niambieni, mtu akifa, kiti chake kinahifadhiwa vipi? Kwa kukikalia, au kwa kukiacha wazi kila aingiaye akakiona?

Hawa wanne walikiacha wazi. Hawakutafuta mwimbaji wa tano, wala hawakufanya shindano la kumpata kijana mwenye sauti nyororo kama ya marehemu, ingawa biashara ya muziki wa aina yao huyapenda sana mashindano hayo. Katika albamu ile sauti ya Gately inasikika pale alipokuwa amekwisha kuirekodi yeye mwenyewe, akiwa hai, kama katika wimbo wa *Gave It All Away*. Pale ambapo hakuwahi kuimba, hayupo. Wanaimba wao, kwa sauti zao. Msikilizaji aliyezoea sauti tano anazisikia nne, na ile ya tano anaisikia kwa kutokuwapo kwake.

Tulitazame na jina la albamu. Wapo watakaolitafsiri *Brother* kuwa Kaka. Mimi nasema hapana, ni Ndugu. Kaka ni daraja la umri na heshima. Unaweza kumwita kaka dereva wa daladala usiyemjua, akakushusha kituoni na msionane tena. Ndugu ni mtu mwenye haki juu yako. Ndugu ndiye anayelala chini kwenye mkeka wakati wa kilio, ndiye anayeulizwa kama marehemu aliacha deni. Na hawa wanne walitenda ya ndugu kabla ya kuandika neno hilo kwenye jalada. Usiku wa kuamkia mazishi, tarehe 17 Oktoba 2009, walikesha ndani ya kanisa la St Laurence O'Toole mjini Dublin, wakalala kando ya jeneza ili mwenzao asibaki peke yake. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Kukesha na maiti hakuna hadhira, hakuna makofi, na hakuna tiketi.

Tena kumbukeni kwamba mazishi hayajafanyika, gazeti moja la Uingereza lilikwisha kuchapisha makala iliyokitilia shaka kifo kile na kuyasema vibaya maisha ya marehemu. Malalamiko zaidi ya 20,000 yalipelekwa kwa chombo kilichokuwa kikisimamia mwenendo wa magazeti. Nalitaja hilo kwa sababu moja: maiti hana ulimi. Yeyote anaweza kumvika maneno, mbaya kwa ubaya wake na mwema kwa wema wake, naye hana wa kumkatalia. Mtu wa gazeti alimsemea kwa uadui. Je, sisi tunaowasemea wafu wetu kwa mapenzi, tu salama?

Hapa sina budi kujishitaki.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa watu watatu tuliokuwa tukikutana jioni kusomeana tungo. Mmoja wetu, ambaye simtaji jina, alikuwa ndiye fundi. Sisi wawili tulikuwa wanafunzi wake ingawa umri ulikuwa mmoja. Alipofariki aliacha daftari, na ndani yake shairi lenye beti saba kamili na mishororo miwili ya ubeti wa nane. Wino ulikatika hapo. Ilipokaribia arobaini yake tukaamua kulisoma hadharani na kulichapa katika kijitabu. Mimi nikasema shairi lisiende nusu, nikaukamilisha ubeti wa nane, nikaongeza wa tisa na wa kumi. Chini nikaandika jina lake peke yake. Niliona nimefanya tendo la unyenyekevu kwa kulificha langu. Nililiita kumuenzi.

Siku ya kisomo shairi likasomwa, watu wakafuta machozi. Baadaye mama yake akaniita pembeni. Hakugomba. Akaniambia, "Mwanangu, pale mwishoni si yeye. Yeye hakusema *macho* maisha yake. Alisema *mato*."

Alikuwa mtu wa Mvita, na Kimvita ndicho alichokitungia. Mimi nilihitaji kina cha *-cho* katika ubeti wa tisa, kikanijia *macho*, nikakiweka nikafurahi kwamba mizani imetimia. Vina vilikaa sawa na mizani ilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni mtu. Mama alikuwa amesikiliza beti nane akimsikia mwanawe, kisha nikamnyang'anya mara ya pili, mbele ya watu, kwa herufi mbili. Hadi leo kijitabu kile kipo kwa watu, na yumo humo mtu asemaye *macho* kwa jina la mtu aliyesema *mato*.

Tangu siku hiyo nina vipimo viwili vya kazi inayodai kumuenzi marehemu. Cha kwanza: je, kiti kimeachwa? Cha pili: je, mkono wa kila mmoja unatambulika, ili asikiaye ajue neno la marehemu limekomea wapi na la aliyebaki limeanzia wapi? Kazi ikivishinda vipimo hivi, na iuzwe kwa bei yoyote. Mwenye kutunga maombolezo naye ana watoto wanaokula. Ikianguka, hata ikigawiwa bure, ni wizi wenye sala ndani yake.

Shaaban Robert alipomtungia mkewe aliyefariki shairi la *Amina*, alisema naye kama mume aliyebaki. Huzuni ni yake, sauti ni yake, na jina la aliyekufa limekaa mahali pa anayeambiwa. Huo ndio mwendo wa tanzia zetu bora: aliye hai hulia kwa kinywa chake mwenyewe.

Sasa wapinzani wangu watanikumbusha mwaka 2018. Boyzone walipotoa albamu yao ya kuaga, *Thank You & Goodnight*, waliweka wimbo uitwao *I Can Dream*, uliojengwa juu ya sauti ya Gately kutoka katika rekodi ya zamani ya majaribio. Je, hapo hawakufanya kama nilivyofanya mimi kwa lile daftari?

Swali ni la haki, nami silikimbii. Nakiri kwamba wimbo huo unanikosesha raha kuliko nyimbo zote za *Brother*. Rekodi ya majaribio ni kama mswada wenye mikwaruzo, na mswada si wosia. Hakuna ajuaye kama mwenyewe angeutoa, au angeukunja akautupa. Hata hivyo, maneno yale aliyaimba yeye, na ulimwengu uliambiwa wazi kwamba ni sauti ya kale iliyozungushiwa muziki mpya. Kwa kipimo cha pili wamepita. Kwa kipimo cha kwanza wamesogeza kiti karibu mno na meza, lakini hakuna aliyekikalia. Mimi nilikikalia, tena gizani. Tofauti hiyo ndiyo ninayoipigania.

Na inafaa kuipigania sasa kuliko zamani. Mwaka 2023 wimbo wa Beatles uitwao *Now and Then* ulitoka ukiwa na sauti ya John Lennon, aliyekufa mwaka 1980, iliyotenganishwa na kinanda katika kanda ya kale kwa msaada wa programu ya kompyuta. Hapo mashine ilisafisha alichokiimba mwenyewe. Lakini zipo sasa programu zinazoweza kumwimbisha mfu maneno ambayo hakuyaimba kamwe, kwa sauti isiyoweza kutofautishwa na yake. Kesho mtu atakuletea sauti ya malenga wako umpendaye, aliyelala miaka ishirini, akiimba beti za jana, na juu yake pameandikwa kuwa ni za kumuenzi. Mashine hiyo itajua vina na mizani pengine kunishinda mimi. Na ikishafunzwa vizuri, itajua hata kusema *mato*. Hapo hata mama hatakuwa na la kunishika nalo. Ndiyo maana nasema ulinzi wetu hauwezi kuwa sikio peke yake. Lazima uwe adabu: tukubaliane kwamba utungo uliokatika unaachwa umekatika, na anayetaka kuongeza aongeze kwa jina lake.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kufa kufaana, nakusihi uwasikilize wale wanne kabla ya kuwahukumu. Nawe uliyesema mradi ametajwa, kumbuka kwamba hata mwizi wa jina hulitaja jina. Neno kuenzi lina kiti ndani yake. Tukilirudishia kiti hicho, litatufaa kwa wafu wetu wengi wajao, na sisi wenyewe tutakuwa miongoni mwao.

Nami nafunga kwa beti mbili, ambazo ni zangu mwenyewe, makosa yake yakiwamo:

Ndugu akishatutoka, mahali pake tulinde,
Sauti aliyoweka, tusikize tusipinde,
Beti iliyokatika, kuiunga tusitende,
Pengo nalo ni utungo, na tulisome lilivyo.

Tukiwa ndani ya chumba, tulie zetu sauti,
Wala tusije kuchimba, kaburi tupate noti,
Yake ameshayaimba, yamekoma kwa wakati,
Pengo nalo ni utungo, na tulisome lilivyo.