Kukimbiza Si Kuwinda

Katika mashamba ya Uingereza wawindaji wanarithishana imani moja ambayo imeharibu mbwa wengi wazuri wa aina ya spanieli. Inasema hivi: ukitaka mbwa mchanga awe hodari wa sungura, mpeleke mapema penye sungura tele, mfungulie, mwache awakimbize mpaka achoke. Eti damu ichemke kwanza, adabu itafuata. Naipinga imani hii yote, si nusu yake.

Nianze na bunduki, maana hatari iko hapo. Ndege kama fezanti akikurupushwa hupaa. Bunduki inaelekezwa angani na mbwa anabaki chini salama. Sungura hapai. Anakimbia akiambaa na ardhi, kimo kilekile cha kichwa cha mbwa, akikata kona kali kuelekea shimoni. Mwenye bunduki ana muda mfupi mno wa kuamua. Mbwa akiwa amemganda sungura nyuma ya mkia, mtu makini hafyatui. Asiye makini anafyatua, na marisau hayachagui. Ndiyo maana spanieli hufundishwa kukaa kitako papo hapo sungura anapochomoka. Ndiyo maana pia katika mashindano ya spanieli, yaliyoanza Uingereza mwaka 1899, mbwa anayemfukuza mnyama aliyemwibua hutolewa, hata awe na pua ya ajabu namna gani.

Mtazame mbwa aliyefundishwa vizuri akiwa kazini. Siku ya baridi yenye jua, sungura wengi hawako shimoni. Wamejibanza kwenye nyasi kavu au chini ya miiba. Spanieli anapekua mbele ya mwenyewe, kushoto na kulia, bila kuvuka mita 20 hivi, kwa sababu zaidi ya mita 35 marisau si ya kutegemea. Mara mkia unabadilika. Ulikuwa ukicheza kwa mapana, sasa unatetemeka kwa kasi. Pua imeshuka, mgongo umejikunja. Anazamisha kichwa miibani. Sungura huyo! Na mbwa, ambaye kila msuli wake unataka kwenda, anakaa chini na kumsindikiza kwa macho. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Aliyelelewa kwa kukimbiza haijui kabisa. Yeye anajua kwamba kuna mkia mweupe unadunda mbele, basi miguu iufuate. Polepole anaacha kutumia pua, anainua kichwa na kutafuta kwa macho kitu cha kufukuza. Na kwa mbio zake sungura wote wa kichaka kile wanaingia mashimoni, mwenye shamba aliyekuruhusu uwapunguze anabaki nao vilevile, akiwa na haki ya kutokukaribisha tena.

Watetezi wanajibu kwamba mbwa akitiwa utii mapema anakufa moyo, anabaki kutembea miguuni pa mwenyewe akimtazama usoni. Mbwa wa namna hiyo wapo, nami nimewaona. Lakini kilichowavunja moyo ni mafunzo ya kuchosha: kaa, njoo, kaa, njoo, kutwa nzima kwenye uwanja wa nyasi fupi usio na kitu cha kunusa. Dawa yake si sungura hai. Mpeleke mtoto wa mbwa kwenye nyasi ndefu na vichaka ambavyo sungura hawamo kwa sasa ila harufu yao ya jana imebaki. Mfichie mpira wa tenisi. Mwache agundue mwenyewe kwamba kutafuta kuna malipo. Hamu ya kuwinda haitiwi na sungura. Imo damuni, wafugaji wameichagua kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka 100. Spanieli wa ukoo wa kazi hahitaji mtu wa kumfundisha kumtamani sungura. Anahitaji kufundishwa kujizuia.

Kuna jambo hawa watetezi hawalisemi. Kwa mbwa, mbio zenyewe ndizo malipo. Hata asipomkamata sungura hata mmoja, ameshalipwa, na kesho atadai tena. Kwa hiyo "adabu itafuata" maana yake ni kumnyang'anya mbwa wa mwaka mmoja raha aliyopewa na mwenyewe alipokuwa wa miezi minne. Mazoea yana taabu. Hapo ndipo vinapoingia viboko na kola za umeme, zile ambazo Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Ni dhuluma kumwadhibu mnyama kwa somo ulilomfunza wewe. Tena mbwa mkimbizaji haishii kwa sungura. Mashambani kuna kondoo, na sheria ya mwaka 1971 ya England na Wales inampa mfugaji utetezi akimpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo yake, ikiwa hana njia nyingine ya kumzuia. Kuna seng'enge. Kuna barabara.

Njia ya haki ni ya polepole. Mlio mmoja mrefu wa filimbi, mbwa anakaa: kwanza nyumbani wakati wa chakula, kisha uani, kisha kwenye nyasi, kisha mpira ukirushwa mbele ya pua yake. Kifurushi cha turubai kilichovikwa ngozi ya sungura kinamzoesha kubeba bila kutafuna. Filimbi ikishamkaa, na si kabla, aingizwe kwenye eneo lililozungushiwa wavu ambamo sungura wanaishi. Mbwa yuko kwenye kamba ndefu, sungura anakatiza, filimbi inalia, mbwa anakaa. Hakuna mbwembwe hapo, na wasio na subira huona wanapotezewa muda.

Na siku akiponyoka akamfukuza sungura, kwa sababu itatokea, usipulize filimbi mfululizo akiwa mbioni. Kila mlio asioutii unamfundisha kwamba filimbi inaweza kupuuzwa. Mfuate kimya kimya, mshike, mrudishe palepale sungura alipochomokea, mketishe, upulize mara moja tu. Kisha asiwaone sungura kwa wiki kadhaa. Mrudishe kwenye nyasi ndefu na mpira wake.