Uacheni Mstari Useme

Kuna ugonjwa ulioingia katika kazi yetu ya kutia rangi michoro kwa kompyuta, nao ni ugonjwa wa mng'ao. Mchoraji anachora mtoto amekaa chini ya mwembe. Kwa mistari michache ya wino mweusi twaona kuwa mtoto ana njaa na jua ni la saa sita. Kisha mchoro unapelekwa kwa mtia rangi. Unaporudi, shavu la mtoto linameremeta kama limepakwa samli, kila jani lina kivuli chake, anga inafifia kutoka buluu hadi waridi, na ile njaa haionekani tena. Watu wanasifu: sasa picha imekuwa ya kisasa!

Mimi nakataa. Wala sisemi hivi kwa kuichukia mashine, maana ndiyo inayonilisha. Kompyuta imetuondolea adha nyingi. Mchoro unaingizwa kwa skana, mistari inawekwa kwenye tabaka lake la juu, na rangi zinatandazwa kwenye tabaka la chini bila kuugusa wino wa mchoraji hata chembe. Ukikosea rangi ya gauni, unaibadilisha kwa kubofya mara moja. Photoshop ilipoanza kuuzwa mwaka 1990, ilimpa mtu mmoja mezani pake kazi iliyokuwa ya karakana nzima. Hilo nalishukuru. Lakini kuweza kufanya jambo si sababu ya kulifanya. Mteja mmoja aliwahi kuniambia, "Kaka, mbona rangi zako zimelala? Hebu zing'arishe, kompyuta si inaweza?" Inaweza, ndiyo. Hata panga linaweza kukata kidole.

Hebu tuwatazame waliotutangulia. Kwa miaka mingi vitabu vya katuni vya Marekani vilipigwa chapa kwa rangi 64 tu, zilizopatikana kwa kuchanganya wino wa aina tatu katika viwango vichache, na mweusi ukabaki kwa ajili ya mistari. Leo kioo cha kompyuta kinatupa rangi zaidi ya milioni 16. Je, picha zetu zimekuwa bora kwa kiasi hicho hicho? Hergé, Mbelgiji aliyechora Tintin, alitandaza rangi bapa ndani ya mstari safi, karibu bila vivuli kabisa, na hakuna mtoto aliyelalamika kuwa hamwoni Tintin.

Wapo watakaosema kuwa rangi ni pambo tu, kwa hiyo kila mtu apambe apendavyo. La hasha. Mwaka 1988 kilitoka kitabu cha Batman kiitwacho The Killing Joke, kilichochorwa na Brian Bolland na kutiwa rangi na John Higgins, ambaye alitumia zambarau, machungwa na kijani kali. Mwaka 2008 kikatoka tena, safari hii Bolland mwenyewe amekitia rangi upya kwa kompyuta. Kurasa za kumbukumbu za zamani akaziacha karibu nyeusi na nyeupe, na chache nyekundu hapa na pale. Mistari ni ile ile, maneno ni yale yale, lakini ni usiku mwingine kabisa. Wasomaji wanabishana hadi leo upi ni bora, na ubishi huo ndio ushahidi wangu. Rangi inasema. Na tazameni, Bolland alikuwa na mashine yenye kila mng'ao, akaitumia kupunguza.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mchapishaji mmoja alichukua kurasa zangu za kitabu cha watoto wanaoanza kusoma, akampa mtu mwingine azing'arishe. Kwenye kioo zilipendeza kweli. Lakini kitabu hakisomwi kwenye kioo. Karatasi yetu ya bei nafuu hunywa wino, na kila nukta ya wino huvimba inapoigusa. Ngozi ya mtoto wa Kiafrika iliyotiwa kahawia bapa huhimili uvimbe huo. Ukiirundikia vivuli juu ya vivuli, wino wa aina nne unalundikana mahali pamoja na kuwa tope. Watoto wale walitoka mitamboni hawana macho! Pua zimepotea, midomo imepotea, na katika ukurasa mmoja mwalimu hatofautiki na ubao anaouandikia. Isitoshe, mistari ilikuwa imeunganishwa na rangi badala ya kubaki wino mmoja mweusi, basi karatasi iliposogea kidogo mtamboni, kila mstari ukaota mzimu wake pembeni. Mtoto anayejifunza neno "jicho" alionyeshwa uso usio na jicho.

Ati watoto wanapenda vinavyong'aa. Wanapenda pia peremende, lakini hatuwapikii peremende kwa chakula cha mchana. Na nani kasema rangi bapa ni ya kimaskini? Kanga huvaliwa kila siku kwa rangi chache zilizotandazwa wazi, na mtu huisoma toka ng'ambo ya barabara. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka wanyama wake kwa rangi ya mafuta ya madukani, ile ile yenye kung'aa, lakini aliitandaza bapa, mnyama mmoja juu ya rangi moja, na chui wake anakutazama.

Kwa hiyo siku hizi nikiletewa mchoro, nauliza kwanza utapigwa chapa kwenye karatasi gani, nami naomba kipande chake. Natia rangi bapa, mistari naiacha peke yake katika wino mweusi. Kivuli nakiweka pale tu ambapo hadithi inakidai: mwizi nyuma ya mlango, au mama aliyeinama juu ya taa. Anayetaka mashavu yameremete anaweza kwenda kwingine, na wengine wamekwenda.