Taa ya Ukungu Mahali Pake ni Chini ya Bampa

BARABARA ZETU
Na Eliakimu Nkya

Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri ukiwa Kwa Sadala alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Hakuna dereva wa Hai anayepita na gari ndani ya theluji hiyo. Lakini taa za ziada zinazouzwa siku hizi kwenye maduka ya spea huja katika maboksi yenye picha ya gari likipasua theluji usiku, na vijana wetu wa Noah na haisi wanazinunua wakiamini kwamba taa iliyoiweza theluji ya Ulaya haitashindwa na ukungu wa Masama. Wanazifunga juu ya paa, safu nzima ya LED, kisha wanapandisha mlima. Nasema wazi kwamba taa hizo humpofusha dereva mwenyewe kabla hazijampofusha mtu mwingine, na madereva wa nchi za theluji wanalijua hilo kuliko sisi.

Asiyeijua njia hii nimweleze kidogo. Pale Kwa Sadala panakutana barabara kuu ya Moshi na Arusha, yenye malori na mabasi ya masafa marefu, na barabara inayopanda kwenda Masama. Ukishaanza kupanda, joto la tambarare unaliacha nyuma na muda si mrefu uko katikati ya migomba na kahawa. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa humo humo siku nzima, na usiku hushuka mpaka yakagusa barabara. Masika nayo, Machi hadi Mei, huleta mvua inayomeza mwanga wote wa taa. Na saa hizo mbovu ndizo saa za kazi: ndizi zinashuka sokoni kabla ya jua, nyingine kwenye pikapu, nyingine kwenye bodaboda, nyingine kichwani mwa mama anayetembea ukingoni mwa lami kwa sababu hakuna pengine pa kutembea. Huku chini, kwenye barabara kuu, tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Safari za giza zimeongezeka, na biashara ya taa imeongezeka pamoja nazo.

Tone moja la ukungu lina upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Ni dogo, lakini yapo mengi mno, na kila moja hupokea mwanga wa taa yako na kuutawanya pande zote, pamoja na upande ulioketi wewe. Ukiwasha fulu, mwanga mwingi unaotuma ndio mwingi unaokurudia. Unajiona umezingirwa na ukuta mweupe, nawe unadhani dawa ni kuongeza taa. Chembe ya theluji ni kubwa zaidi ya tone la ukungu mara nyingi sana, tena huja ikielekea kwenye kioo, kwa hiyo dereva wa fulu ndani ya theluji huona mistari myeupe inayomkimbilia machoni na barabara haioni tena. Madereva wa Finland, Sweden na Norway hufunga kweli taa kubwa za kufika mbali. Wanazifunga kwa ajili ya usiku mkavu wa majira ya baridi, kwenye barabara ndefu za misitu ambako unaweza kwenda kilomita nyingi bila kuona nyumba. Gari likitokea mbele, wanazizima. Theluji nzito ikianza kuanguka, wanazizima pia, wanabaki na dimu na taa za ukungu zilizoko chini. Picha ya kwenye boksi haisemi hivyo.

Kwa nini chini? Taa ikiwa juu ya paa, njia ya mwanga wake na njia ya jicho lako hukaribia kuwa moja. Matone yote yanayomulikwa ni yale yale unayojaribu kuona kupitia kwayo. Taa ikiwa chini ya bampa, mwanga hupita chini ya macho yako, matone yanayong'aa hubaki chini ya mahali unapotazama, nawe unapata nafasi ya kuona lami na ukingo wake. Ndiyo maana taa halisi ya ukungu imetengenezwa kutoa mwanga mpana na mfupi, uliokatwa juu kama kwa kisu. Haikusudiwi kwenda mbali hata kidogo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka taa hiyo kwenye gari dogo isipite milimita 800 kutoka ardhini, wala isishuke chini ya milimita 250. Bampa ya Noah iko humo ndani. Paa la Noah liko mbali kabisa.

Kuhusu rangi, najua wengi watanipinga, kwa maana mafundi wetu karibu wote huapa kwamba taa ya njano hupenya ukungu. Ufaransa iliwalazimisha madereva wake kutumia taa za njano tangu miaka ya 1930 mpaka 1993, kwa hiyo imani hii ina wazee wakubwa. Lakini tone la ukungu ni kubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, na kwa ukubwa huo huutawanya mwanga wa njano karibu sawa na mweupe. Faida ya njano iko machoni mwako: mwanga wenye bluu nyingi huchosha macho na kuleta kiwi, na njano haina bluu hiyo. Kwa hiyo mwenye kupenda njano anunue, hatapoteza. Anayechagua taa nyeupe inayoelekea bluu kwa sababu inapendeza mjini, huyo ndiye wa kuonywa. Ila ya njano iliyofungwa juu ya paa bado ni taa ya paa.

Hivi karibuni nilisimama kwa fundi umeme wa magari pale Kwa Sadala, nikamkuta kijana mwenye Noah akifungiwa safu ya LED. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia, kisha akanionyesha boksi kwa furaha.

"Mzee, hii ni wati mia tatu. Ukungu wote unakimbia."

Nikamuuliza fundi ameweka fyuzi ya ngapi. Akasema kumi. Nikamwomba tupige hesabu pamoja. Wati 300 ukizigawa kwa volti 12 za betri unapata ampea 25. Fyuzi ya 10 ingekatika mara moja, na ule waya mwembamba uliokuja na taa ungekuwa wa moto hata usishikike. Lakini taa ilikuwa inawaka, fyuzi nzima, waya wa baridi. Maana yake taa ile haifiki hata nusu ya wati zilizoandikwa kwenye boksi. Fundi alinyamaza kidogo, akasema, "Mzee, sisi tunaletewa tu, mteja anataka kinachong'aa." Sikumlaumu. Kijana wa watu ameuziwa namba, naye anaipeleka namba hiyo mlimani akiwa na abiria nyuma.

Taa za kuchukua nafasi ya safu hiyo ni rahisi kuzieleza. Nunua jozi moja ya taa za ukungu zenye alama ya duara lenye herufi E na tarakimu, iliyochorwa kwenye kioo chenyewe. Alama hiyo inaonyesha kwamba taa imepimwa kwa kanuni za kimataifa. Alama hughushiwa pia, kwa hiyo iwashe mbele ya ukuta kabla hujalipa: mwanga uwe mpana, na juu uishie kwenye mstari ulionyooka. Ikitapanya mwanga hadi darini, mrudishie mwenye duka. Halojeni za wati 55 kila moja zinatosha kabisa. Mbili ni wati 110, karibu ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya 15 na waya wa milimita mraba 2.5 vinazibeba bila shida. Na lazima kuwe na relei. Mguu namba 30 unatoka betri kupitia fyuzi, 87 unakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za swichi. Fundi anayekwambia relei si lazima, kwamba ataunga tu kwenye waya wa taa kubwa, anataka kuzipitisha ampea 9 zaidi kwenye swichi ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Swichi huyeyuka, na ikiyeyuka usiku unapoteza taa zote kwa pamoja.

Kuna kosa lingine limeenea hata kwa watu wasionunua taa za ziada: kutoa balbu ya halojeni kwenye taa kubwa na kupachika ya LED. Kioo cha ndani cha taa hiyo kimechongwa kwa kufuata mahali uzi wa halojeni ulipo, kwa vipimo vya milimita. LED haiwaki mahali pale pale, wala kwa umbo lile lile. Dimu inapoteza mstari wake, mwanga unapanda juu, na anayekuja mbele haoni tofauti kati ya dimu yako na fulu yako.

Nikirudi kwenye theluji, ipo taa moja iliyotufikia kutoka huko nayo hatuitumii. Japani ina mikoa ya baridi kali kama Hokkaido, na magari mengi yaliyouzwa kwa ajili ya mikoa hiyo yana betri kubwa zaidi na taa nyekundu ya ukungu nyuma, mara nyingi moja tu, upande wa kulia. Baadhi ya Noah na haisi zetu ni hizo. Tazama kwenye wenzo wa indiketa au kwenye dashibodi: alama ya taa ya ukungu ya nyuma ina mistari mitatu iliyolala sawa ikikatwa na mstari wa mawimbi, na ukiiwasha kwenye dashibodi hutokea rangi ya njano. Ya mbele mistari yake imeinama, na rangi yake ni kijani. Taa ile ya nyuma ina balbu ya wati 21, wakati taa ya kawaida ya nyuma ina 5. Ndani ya mawingu ya Masama, tofauti hiyo ndiyo itakayomfanya dereva wa lori aliye nyuma yako akuone mapema. Ujerumani hairuhusu iwashwe mpaka uoni ushuke chini ya mita 50, na ukungu ukifikia hapo mwendo wa juu kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Hapo hapo wamefunga mambo mawili pamoja, taa na mwendo. Kwa kilomita 50 gari hula mita 14 kila sekunde. Ukiwa unaona mita 30 tu, una sekunde mbili za kuona, kuamua na kusimama, na hazitoshi. Hakuna taa itakayokuongezea sekunde hizo. Mguu wa kulia ndio utakaoziongeza.

Wengi wetu badala ya taa hiyo huwasha indiketa zote mbili na kuendelea na safari. Anayekufuata hajui kama umesimama au unakwenda, na ukitaka kukata kona huna namna ya kumwambia. Lori likiharibika tunatandika matawi ya miti barabarani, na matawi ndani ya ukungu hayang'ai. Pembetatu yenye kurudisha mwanga inang'aa.

Jeshi la Polisi limekuwa likikamata magari yaliyofungwa ving'ora, vimulimuli na taa kali, nami naunga mkono. Yule mama mwenye mkungu kichwani akipigwa na mwanga wa paa machoni, kwa sekunde kadhaa haoni mtaro ulioko kando yake, na dereva aliyempiga hajui lolote kwa sababu ameshapita. Lakini kung'oa taa peke yake hakutoshi. Ukaguzi wa mabasi kabla ya safari za usiku uangalie pia kama dimu imekaa sawa, na kazi hiyo inahitaji ukuta na mita ya fundi tu: gari likisimama mita 10 kutoka ukutani, mstari wa dimu uwe umeshuka karibu sentimita 10 kutoka kimo cha taa, na wa taa za ukungu ushuke zaidi, karibu sentimita 20. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na askari wa usalama barabarani wanaweza kuanza na kituo kimoja, wakaona ni mabasi mangapi yatapita.

Halafu kuna wenye dhamana ya barabara. Taa ya ukungu kazi yake ni kumwonyesha dereva ukingo. Ukingo usipokuwa na alama, taa nzuri kuliko zote itamulika majani na udongo wa rangi moja. Sehemu zenye lami kutoka Kwa Sadala kupanda Masama zipakwe mstari mweupe wa pembeni wenye chembe za kioo za kurudisha mwanga, kwenye kona ziwekwe nguzo fupi zenye viakisi, na mistari hiyo ipakwe upya kila mwaka mwezi Mei, masika yakiisha na kabla mawingu ya Juni hayajashuka.