Ukirudi safari ukute maji ndani ya nyumba



Hapa Uvira robine inaweza kukauka siku tatu, kisha usiku wa manane maji yanarudi kwa nguvu. Ndiyo sababu kila mtu wa nyumba anaifungua mara nyingi kwa siku, anasikia hewa tu, anaenda zake. Ukiwa nyumbani, mlio wa maji utakuamsha. Ukiwa safarini, hakuna wa kuamka.

Hayo yamempata mama mmoja wa kikundi chetu. Alipanda Bukavu kwa matanga pamoja na bwana yake na watoto, nyumba wakaifunga. Maji yalirudi siku ya posho usiku, wao wakarudi siku ya pili jioni. Walikuta matela imelowa, mfuko wa unga wa mihogo umekuwa uji, na karatasi za watoto zinaelea chini ya kitanda. Neno la kwanza la bwana lilikuwa: “Nani aliacha robine?” Macho yote yakamwangukia binti wa kaka, mwenye miaka 14, aliyetoka mwisho jikoni. Mpaka leo kuna maneno ya kumrudisha kwa wazazi wake Fizi. Nitarudi kwake. Kwanza tuseme kazi yenyewe.

Usikimbilie vitu. Simama mlangoni, uangalie umeme. Kama kuna waya au priza chini, usitie mguu ndani ya maji. Hata kama umeme umekatika, usijiaminishe, maana hapa kwetu unarudi bila kuaga. Umeme ukatwe kwanza penye kontere. Kama pale penyewe pamelowa, mwite fundi, hata kama ni kungoja mpaka asubuhi kwa jirani.

Pili, angalia kuta. Nyumba ya matofali mabichi inakunywa maji kutoka chini, na inaweza kuanguka hata baada ya maji kukauka. Ukiona ufa mpya au ukuta umevimba, watoto wasilale humo.

Kisha karatasi, kabla ya nguo na sahani. Diploma, cheti cha kuzaliwa, kadi ya uchaguzi tunayotumia kama kitambulisho: hivi havinunuliwi sokoni. Karatasi zilizoshikana usizivute kwa nguvu. Ziache zipungue maji, uzitenganishe polepole, uzipange juu ya kitambaa safi kivulini penye upepo. Jua kali linazikunja, na pasi inaharibu wino. Picha zilizochafuka, zisuuze kwa maji safi kabla hazijakauka. Na kama kuna dola zilizofichwa, zikaushe kwa utaratibu huo huo. Tunajua wote kwamba noti ya dola yenye ufa kidogo tu, hakuna wa kuipokea.

Chakula ndicho kinachouma zaidi. Unga uliolowa, mahindi na karanga zilizolala ndani ya maji, usiseme utavianika. Ukungu wa mahindi na karanga unaacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na sumu hiyo inaharibu ini. Najua bei ya mfuko mmoja. Lakini mtoto akiugua, dawa itapita bei hiyo.

Matela iliyolowa kwa maji ya robine, ikamue kwa kuikanyaga, uisimamishe juani, uigeuze mpaka ikauke katikati. Ikiwa maji yalipita chooni au mferejini, uiachilie tu. Fungua madirisha yote siku hiyo hiyo, kwa sababu ukungu unaanza ndani ya siku moja au mbili. Sakafu ioshwe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye javeli. Usichanganye javeli na dawa nyingine ya choo, mvuke wake unaumiza mapafu. Na maji ya kwanza yanayotoka baada ya kukatika yasinywewe: bomba likiwa tupu linaweza kuvuta uchafu wa nje. Yaache yapite, na ya kunywa uyatie dawa au uyachemshe. Katika mji unaojua kolera kama wetu, hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwa yule binti. Mimi nasema asirudishwe. Robine iliyo wazi bila maji haionekani kuwa wazi. Nyumba hiyo ina watu wazima wawili, na siku ya kuondoka hakuna aliyepewa kazi ya kuifunga. Kazi isiyopewa mtu haiwezi kuwa kosa la mtoto peke yake, eti kwa sababu hana mama yake karibu wa kumtetea. Afundishwe, asaidie kuosha, na aendelee na masomo. Matela itanunuliwa nyingine. Lakini mtoto aliyerudishwa kwao kwa ajili ya maji atalibeba neno hilo maisha yake yote, na kaka naye hatasahau.

Kwa ninyi mnaopanga: mwite mwenye nyumba siku hiyo hiyo, aone kwa macho yake, na upige picha kwa simu kabla ya kusafisha. Bomba lililopasuka kwa uzee na robine iliyoachwa wazi si jambo moja, mzungumze kwa utulivu. Akitaka kuongeza garanti kwa sababu hiyo, mkumbushe kwamba sheria ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3.

Na kabla ya safari ijayo, mtu mmoja atajwe kwa jina: yeye ndiye atafunga robine kubwa ya penye kontere, na mwingine ahakikishe. Ufunguo mmoja ubaki kwa jirani unayemwamini. Karatasi zitiwe ndani ya sashe mbili, ziwekwe juu ya kabati, fotokopi zikae kwa ndugu. Mifuko ya unga ikae juu ya mbao au matofali.

Siku ya nne kwenye mkutano, tutauliza kama mfuko wetu wa kusaidiana unaweza kumnunulia mama yule unga wa mwezi mmoja. Mwenye matela ya ziada aseme. Na yeyote mwenye neno la upole kwa bwana yake, aende kumwona kabla ya siku hiyo.