Kinga na Mlima: Kupanda ni Miguu, Kushuka ni Breki

Wazee walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Twadhani hakuna aelewaye methali hiyo kupita mtu wa milimani mwenye baisikeli, yaani kinga, kama wengi wetu tunavyozoea kuiita. Wakati wa kupanda, mwili wenyewe humwonya: pumzi hukatika, miguu hulegea, naye hushuka na kuisukuma baisikeli kwa mikono. Lakini wakati wa kushuka mwili haumwonyi kitu. Upepo ni mtamu, mzigo haulemei tena, na baisikeli yaenda peke yake. Hapo ndipo hatari hukaa kimya ikimngoja.

Basi leo, katika ukurasa wetu wa kazi za nyumbani, twataka kusema juu ya baisikeli ya milimani: namna ya kuitunza nyumbani, na namna ya kuiongoza mtelemkoni. Hatuwaandikii vijana wa michezo peke yao. Twamwandikia kwanza baba wa jamaa ashukaye kutoka shambani na mfuko wa viazi nyuma yake, na pengine mtoto ameketi juu ya mfuko.

Joto latoka wapi?

Mtu akigusa ringi ya gurudumu baada ya mtelemko mrefu, ataungua vidole. Kwa nini? Nguvu alizozitumia kupanda hazikupotea zote. Zimewekwa mlimani kama akiba, na wakati wa kushuka zadai kurudishwa. Breki ndiyo inayozipokea, nayo huzigeuza kuwa joto.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu na baisikeli yake, pamoja kilo 100, wakishuka meta 1000, huleta joto liwezalo kuchemsha karibu lita 3 za maji yaliyotoka mtungini. Wakiongeza mzigo wa kilo 50, joto hilo lachemsha lita 4 na zaidi. Ni kweli kwamba upepo huchukua sehemu yake kwa mtu aendaye mbio. Lakini mtu mwenye busara, ashukaye polepole, huyatia karibu yote katika breki zake. Sasa tazameni vile vipande vya mpira vya breki, kila kimoja si kikubwa kupita kidole gumba. Ndivyo mnavyoviomba kubeba moto wa sufuria nzima!

Wala meta 1000 si jambo la ajabu kwetu. Ziwa Kivu liko meta 1460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyolizunguka vyapita 2000. Katika Burundi, barabara kutoka Bugarama hata Bujumbura yashuka zaidi ya meta 1300 katika kilometa 35 hivi. Kwa miaka mingi watu wameona pale vijana wakishuka mbio na mikungu ya ndizi au makaa, kisha wakipanda tena kwa kujishika nyuma ya malori. Ushujaa wao ni mkubwa, lakini hatuwezi kumshauri mtu yeyote kuwafuata.

Mlima ulioitwa kwa jina la grisi

Mnamo tarehe 21 Oktoba 1976, katika jimbo la California, Marekani, karibu na mji mdogo wa Fairfax, vijana wachache walishindana kushuka njia ya mlima yenye mawe na vumbi. Njia ile yashuka karibu meta 400 katika kilometa 3 na kitu. Baisikeli zao zilikuwa nzee na nzito, zenye matairi manene, na breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: mtu alirudisha pedali nyuma, na gurudumu lilizuiliwa. Walipofika chini, grisi ya ndani ya kitovu ilikuwa imegeuka moshi. Iliwapasa kufungua kitovu na kukijaza grisi mpya kabla ya kushuka tena. Kwa Kiingereza kazi hiyo ya kujaza upya huitwa Repack, na njia yaitwa hivyo hata leo.

Katika michezo ile ilizaliwa baisikeli ya milimani ya siku hizi. Joe Breeze, mmoja wao, alijenga baisikeli mpya kwa ajili ya njia hizo mwaka 1977. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuziuza nyingine zilizojengwa na Tom Ritchey. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta. Twaona basi kwamba jambo lililowasumbua wale wa kwanza halikuwa miguu, bali breki.

Breki za namna tatu

Ya kwanza ni breki ya mpira unaobana ringi, kwa vyuma virefu au kwa waya. Ni nyepesi kutengenezwa, na fundi wa kila soko aijua. Ubaya wake ni huu: joto lote laingia katika ringi, na ringi ndiyo inayoshika tairi. Ikipata moto mno, upepo wa ndani wavimba, gundi ya viraka yalegea, na mpira waweza kupasuka katikati ya kona. Tena, wakati wa mvua, ringi ya chuma huteleza kama samaki. Breki iliyokushika vizuri asubuhi haitakushika jioni.

Ya pili ni breki ya mguu. Twaijua vizuri katika chukudu, ile baisikeli ya mti ya Goma na Masisi, ambayo wenyeji wameiheshimu hata kuijengea sanamu kubwa mjini Goma. Dereva hukanyaga kipande cha mpira wa tairi kuu-kuu, nacho husugua gurudumu la nyuma. Wengine wamefanya vivyo hivyo katika baisikeli, au wanatumia kiatu chenyewe. Kwa chukudu iliyojengwa hivyo ni sawa. Lakini kwa baisikeli, kiatu si breki. Ni alama kwamba breki imekufa na mwenyewe hajaizika.

Ya tatu ni breki ya sahani, iliyo katika baisikeli nyingi mpya za milimani. Sahani nyembamba ya chuma yakaa karibu na kitovu, mbali na tairi. Kwa hiyo mpira haupati moto, na mvua haiidhuru sana. Lakini yadai usafi. Tone moja la mafuta juu ya sahani lafaa kuiharibu breki nzima. Ikiwa inaendeshwa kwa maji ya breki, yapasa kutia namna ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Ukichanganya namna mbili, mipira ya ndani itaharibika.

Kazi ya Jumamosi jioni

Hapana lazima ya kuwa fundi. Kitambaa, spana, chupa ndogo ya mafuta na nusu saa zatosha.

1. Osha baisikeli kwa maji machache, usielekeze maji kwa nguvu penye gololi. Kisha ikaushe.

2. Bonyeza breki ya mbele na kusukuma baisikeli mbele. Gurudumu la nyuma lazima lijaribu kuinuka. Bonyeza ya nyuma: gurudumu liburuzwe bila kuzunguka. Ikiwa mkono wa breki wagusa usukani, kaza waya.

3. Tazama vipande vya mpira. Vina mifereji, ikiwa mifereji imekwisha, navyo vimekwisha. Ondoa kwa ncha ya kisu changarawe au vipande vya chuma vilivyokwama ndani, maana hivyo hukata ringi kama msumeno. Waya iliyoanza kukatika uzi mmoja, ibadilishe leo, usingoje wa pili.

4. Shika breki ya mbele na kutikisa baisikeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga chini ya usukani, gololi zimelegea. Shika na kila gurudumu, ulisukume upande kwa upande. Likicheza, kitovu chataka kukazwa.

5. Finya spoki mbili mbili. Zilizolegea zitajulikana kwa vidole. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana, si kwa mkono.

6. Pangusa mnyororo, kisha tia tone moja la mafuta ya mashini kwa kila kipande, na kupangusa tena yaliyozidi. Mawese ni chakula, si mafuta ya mnyororo: huganda, hukusanya vumbi, na vumbi hula chuma.

7. Upime mnyororo kwa rula ya mtoto wa shule. Toka katikati ya pini moja, hesabu vipande 20, mpaka katikati ya pini ya 21. Ukiwa mpya ni sentimeta 25.4. Ukipita 25.6 umechakaa, na utaharibu meno ya gia. Kununua mnyororo mmoja ni rahisi kuliko kununua vyote viwili.

Namna ya kushuka

Juu ya mlima, kabla ya kuanza, simama. Jaribu breki zote mbili. Kaza kamba za mzigo, na uweke vitu vizito chini, karibu na gurudumu. Kwa baisikeli ya mzigo, jaza matairi vema. Tairi laini lafaa kwa mawe kama mtu hana mzigo, lakini lenye mzigo hupigwa na ringi na kutoboka.

Ukishuka, pedali ziwe sawa-sawa, moja mbele na moja nyuma. Penye mawe, inuka kidogo kitini na kurudisha mwili nyuma. Magoti na mikono vilegee, vipokee mapigo. Macho yatazame mbali, si penye gurudumu, kwani baisikeli hufuata macho. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Tumia breki zote mbili pamoja. Ya mbele ina nguvu zaidi, maana katika kushuka uzito waenda mbele. Lakini ukiibana peke yake kwa ghafula, utaruka juu ya usukani.

Usianze kwa kuacha baisikeli ikimbie ukidhani utaizuia baadaye. Mwendo ukisha kuwa mkubwa, breki moto haitaushinda. Katika mtelemko mrefu, simama mara kwa mara mpaka ringi zipoe. Usizimwagie maji, wala usiguse sahani kwa mkono. Na mahali panapokutisha, shuka utembee. Kutembea si aibu. Hata mabingwa hutembea.

Milima ya mbali na ya karibu

Katika Ulaya, milima ya Alps imekuwa shule kubwa ya mchezo huu. Wakati wa kiangazi, magari ya kamba yaliyojengwa kwa watu wa theluji huwapandisha waendesha baisikeli mpaka juu. Katika Ufaransa, mashindano yaitwayo Megavalanche, yaliyoanza mwaka 1995, huanza penye barafu ya Pic Blanc, juu ya meta 3300, na kuishia bondeni Allemont: mtelemko wa meta 2600 hivi. Wajuzi wa kule huanza safari asubuhi, kwa kuwa radi huja mchana. Huchukua koti na mifuko ya mikono hata siku ya jua, maana vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kubana breki. Shauri hilo lafaa pia kwa mtu ashukaye Masisi katika mvua.

Lakini si lazima kwenda mbali. Ng'ambo ya ziwa, katika Rwanda, kuna njia iitwayo Congo Nile Trail, kutoka Rubavu hata Rusizi, kilometa 227, ipitayo vilima na mashamba ya chai na kahawa. Tena mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya ulimwengu ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wetu wameona kwamba vilima vilivyowachosha baba zao vyaweza kuwa uwanja wa mabingwa. Ni vema. Wajifunze basi na utunzaji, kwa sababu hakuna bingwa ashukaye bila kujua hali ya breki zake.

Neno kwa wazazi

Tumeona baisikeli nyingi zenye vioo viwili, maua ya plastiki na kengele ya kung'aa, nazo hazina breki ya mbele. Hatuwakatazi watu kupamba mali yao. Twasema tu kwamba kuna utaratibu: kwanza breki, pili matairi, tatu mnyororo, na ikibaki fedha, maua. Mama wa nyumba asione haya kuuliza kabla ya safari ya soko: "Baba, breki zashika?" Si kumdharau bwana wake, ni kulinda jamaa.

Na jambo moja twataka kulishika bila kubadili. Mtoto asishuke mlima juu ya mzigo. Baba akifika kileleni, amteremshe, watembee pamoja mpaka penye uwanda. Labda watafika nusu saa baadaye, na viazi vitauzwa kwa bei pungufu kidogo. Fedha hiyo yaweza kupatikana soko lijalo.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuziba mpira uliotoboka ili kiraka kisitoke. Wekeni tayari kipande cha msasa na beseni la maji.