KAZI YA KUDUMU KWA WENZETU WA VIWANJA VYA NDEGE

Ndugu Wanachama,

Mwezi huu twasema juu ya wenzetu wa viwanja vya ndege. Ndege ikitua Kisumu, au hapa kwetu Kabunde, lazima wawepo wazima moto, walinzi, wasafishaji na wapakia mizigo. Kazi hiyo haina msimu. Lakini wako wanaoifanya kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, na siku ya kutoka imeandikwa tangu siku ya kuingia.

Sisi wa Ndhiwa twaijua kazi ya msimu. Shamba la miwa likiisha kukatwa, kazi imekwisha, wala hakuna wa kulaumiwa. Vivyo hivyo fundi aliyeitwa kujenga ua. Lakini gari la wazima moto litahitaji watu mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa kumi. Kwa nini basi mtu wake awe mgeni kila mwaka?

Ubaya wake si mshahara tu. Anayengojea karatasi yake ifanywe upya huogopa kusema kwamba breki za gari zimeharibika. Huogopa kujiunga na chama. Akiomba mkopo wa karo, huulizwa mkataba wake unakwisha lini. Na ajapo kuzeeka, hana malipo ya uzeeni ya kutosha.

Waajiri husema kwamba kazi ya kudumu huleta uvivu. Neno hili si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kumfukuza mtu, ila atoe sababu ya haki na amsikilize kwanza. Mvivu hana kinga. Mwenye kinga ni yule asiye na kosa.

Tukumbuke mwaka 2024. Kampuni ya Adani ya Bara Hindi ilitaka kupewa uwanja wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Tarehe 11 Septemba wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma, wakihofia kazi zao, na mwezi wa Novemba Serikali ikafuta mpango huo. Angalieni hesabu yake: mwenye fedha aliona kwamba bila miaka 30 hawezi kupata faida yake. Mwenye jasho atawezaje kulea na kusomesha watoto kwa mkataba wa mwaka mmoja?

Sheria yasaidia, lakini si yote. Kifungu cha 37 chasema kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, si kibarua tena. Ni mtu wa mwezi, na lazima apewe notisi. Lakini mwenye mkataba wa muda ana shida nyingine. Mahakama zetu zimeamua mara nyingi kwamba tarehe ikifika, mkataba umekwisha, hata kama mtu alitumaini kuongezewa. Kwa hiyo tusingoje siku ya mwisho ndipo tukimbilie mahakamani.

Dawa iko katika mapatano ya chama na mwajiri. Yakiisha kuandikishwa mahakamani, huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Humo ndimo tuandike mambo matatu: kazi ya kila siku iwe ya kudumu, mkataba wa muda uwe kwa kazi yenye mwisho tu, na miaka aliyokwisha kutumika mtu ihesabiwe yote.

Wachukuzi wa bandari ya Mombasa walikuwa vibarua wa siku. Waligoma mwaka 1947, wakagoma tena 1955, na polepole wengi wakaingia katika mshahara wa mwezi. Hawakupewa zawadi, walidai pamoja.

Ndugu, itazame karatasi yako leo. Kama ina tarehe ya mwisho, weka nakala, uilete kwa katibu wa tawi kabla ya tarehe hiyo. Na wewe uliye wa kudumu, usiseme hayakuhusu. Mkataba wa jirani yako ukishakuwa desturi, wako utafuata.

Umoja ni nguvu.