Santuri ya usiku wa Soho

KUNA santuri za aina mbili, mpenzi msomaji. Kuna zile za studio, ambako mwanamuziki akiteleza anarudia mpaka apatie. Halafu kuna zile zinazorekodiwa ukumbini, watu wakiwa mezani na vinywaji vyao. Hapo wimbo ukishaanza hausimamishwi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Leo tuitazame moja ya aina hiyo ya pili: “Late Spot at Scott's”, ya Mwingereza Tubby Hayes na wenzake wanne. Ilirekodiwa Mei 17 na 18, 1962, katika klabu ya Ronnie Scott, barabara ya Gerrard, mtaani Soho, London.

Klabu yenyewe haikuwa na fahari. Wapiga saksafoni wawili, Ronnie Scott na Pete King, waliifungua Oktoba 30, 1959 kwa mkopo wa pauni 1,000 kutoka kwa baba wa kambo wa Scott. Kilikuwa chumba cha chini ya ardhi ambamo hapo awali madereva wa teksi walikuwa wakipumzika.

Wakati huo Waingereza wenyewe waliamini kwamba jazz ya kweli ni ya Mmarekani. Tena kwa miaka mingi, tangu 1935 hadi katikati ya miaka ya hamsini, chama cha wanamuziki na serikali ya Uingereza viliwazuia Wamarekani wasije kupiga, kwa hofu kwamba wenyeji wangekosa kazi. Vijana wa London walijifunza zaidi kutoka kwenye santuri. Hata baadaye sharti lilikuwa nipe nikupe: mmoja akija, mmoja aende. Ndivyo mwaka 1961 Zoot Sims alivyokuja kwa Scott, naye Hayes akaenda New York, akapiga na kurekodi na magwiji wa huko.

Kwa hiyo Hayes aliyepanda jukwaani Mei 1962 alikuwa kijana wa miaka 27 aliyekwisha kupimwa ugenini. Alikuwa ameanza kuishi kwa muziki tangu akiwa na miaka 15. Pamoja naye walikuwa Jimmy Deuchar kwenye tarumbeta, Gordon Beck kwenye piano, Freddy Logan kwenye besi na Allan Ganley kwenye ngoma.

Sikiliza kibao “Half a Sawbuck”, alichokitunga mwenyewe. Saksafoni inatoka mbio kama mtu anayekimbilia basi la mwisho, na bado kila noti inasikika. Kisha inakuja “Angel Eyes”, mwendo unapungua, nawe unatambua kwamba mtu huyu hakuwa na mbio tu. Makofi ya watu yamo humo humo ndani ya muziki. Usiku huo miwili ulitoa santuri mbili. Ya pili ni “Down in the Village”.

Februari 1964, bendi ya Duke Ellington ilipokuwa London na mpiga saksafoni wake Paul Gonsalves akakosekana, aliyeitwa kujaza pengo ni Hayes. Sifa gani tena mtu angetaka?

Lakini jaha haikudumu. Heroini ilimwingia, na moyo wake ukadhoofika. Alifanyiwa upasuaji, akarudi jukwaani, halafu Juni 8, 1973 akaaga dunia akiwa katika upasuaji mwingine wa moyo. Alikuwa na miaka 38 tu. Wazazi wenye mtoto wa kipawa wajue kwamba kipawa peke yake si kinga. Mtoto anayeshangiliwa na wengi usiku bado anahitaji mtu wa kumuuliza asubuhi kama amelala na kama amekula.

Klabu ilihamia barabara ya Frith mwaka 1965 na ingali huko. Scott alifariki mwaka 1996. Chumba kile cha Gerrard kina shughuli nyingine sasa, lakini ukiiweka santuri hii, Hayes ana miaka 27 tena na usiku ndio kwanza unaanza.